Kutoka mlangoni kwako hadi pori la kwanza ni umbali gani? Watu wa Lindi na Mtwara tukutane hapa

Mkazi_wa_Mikindani

Wadau wa Kusini, salaam.

Kuna jambo sijaliona likijadiliwa humu kwa kina. Sisi wa Lindi na Mtwara tunaishi umbali gani na msitu, kilima, bonde au ufukwe ambao mtu anaweza kuamka asubuhi, akaenda kutembea kwa miguu, akarudi nyumbani kabla ya jua kuzama? Sizungumzii safari ya kukodi gari na kulipia hema. Nazungumzia kutembea tu, kwa afya ya mwili na akili, na kwa kuijua ardhi tuliyozaliwa.

Mtoto wa Kilimanjaro anakua akisikia njia ya Marangu na njia ya Machame, anajua zinaanzia wapi na nani anaziongoza. Kwetu ukiuliza njia za kutembea porini unajibiwa hakuna. Mimi nakataa. Zipo nyingi sana, na zimechongwa na miguu ya watu wanaokwenda shamba, wanaoteka maji, wanaochimba ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa), wanaofuata samaki pwani. Tunachokosa ni kuzitambua, kuzitunza na kuziacha wazi.

Nianze na kwangu. Nyuma ya mji wa Mikindani kuna vilima vyenye mibuyu, na kutoka barabarani hadi juu hata mtu mzima hachoki sana. Ukifika unaiona ghuba nzima, mikoko yake na mitumbwi yake. Livingstone alishukia hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara, na Boma la Wajerumani limesimama tangu 1895, kwa hiyo wageni wanapajua na wanapanda. Wenyeji tunapita chini kwa bodaboda, wengi hatujawahi kufika juu.

Upande wa bahari hali inaniuma zaidi. Mtaani kwetu palikuwa na uchochoro wa kushukia pwani. Sasa umezibwa na ukuta wa mtu binafsi, na mama anayekwenda kuokota kome inabidi azunguke nyumba nyingi hadi afike maji yale yale anayoyaona akiwa barazani kwake. Ndiyo maana nauliza habari ya umbali wa miguu, maana ramani itakwambia nyumba ile iko jirani kabisa na bahari.

Kila mmoja aseme: upo wapi, pori lako la karibu ni lipi, njia ipo, inapitika, na kama haipitiki nini kinaizuia?

Njomba_wa_Newala

Njomba umegusa penyewe. Mimi nipo Newala, na mtu yeyote aliyefika Newala anapajua Shimo la Mungu. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla kama umepasuliwa, chini ni bonde la Ruvuma, na siku isiyo na ukungu unaona vilima vya Msumbiji ng'ambo. Kutoka nyumba za mjini hadi ukingoni ni dakika chache.

Watu wa nje hawajui kwamba kwetu njia za kushuka huko chini ni za kale kuliko barabara. Juu ya uwanda huu hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama yote, maji yanakuja kutokea chini kwenye miguu ya uwanda. Wazee walijenga juu kwa sababu za usalama na kilimo, lakini maji yakabaki bondeni. Kwa hiyo bibi zetu walishuka na mitungi alfajiri na kupanda nayo imejaa, vizazi na vizazi, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji juu miaka ya 1950. Na hata baada ya hapo, pampu ikiharibika watu hurudi kwenye njia ya bibi.

Ukishuka leo unaona mengi. Juu ni mikorosho mitupu. Ukingoni vinaanza vichaka vile vizito vya Kimakonde ambavyo huwezi kupenya bila panga. Katikati mwamba unatoka, njia inakuwa ngazi ya mizizi, na upepo unapoa. Chini miti inakuwa mikubwa na unasikia maji. Kushuka ni rahisi, kupanda kunadai magoti.

Ninachosikitikia ni kwamba pale bomba lilipofika, njia inakufa. Misimu miwili tu bila kupitwa na vichaka vimefunga. Nafurahi bibi amepumzika na mtungi, hilo sina ubishi nalo. Lakini vijana hawana sababu nyingine ya kushuka, na wazee wanaojua ilipo kila kona wanaondoka.

Masasi_Kokoto

Nafuatilia. Nitaandika nikitoka shamba.

BintiRutamba

Kaka wa Mikindani, ahsante kwa uzi huu. Kwetu Rutamba, iliyokuwa Lindi Vijijini, ziwa lipo na msitu wa Litipo upo hapo hapo. Sisi tuliosoma shule ya msingi pale tulikuwa tunauona msitu kutoka darasani.

Naomba niseme kuhusu mnyama mmoja, maana watu wetu wengi hawamjui kwa jina. Usiku ukikaa pembezoni mwa Litipo unasikia kilio chembamba kinachojirudia juu ya miti. Huyo ni komba wa Rondo. Ni mdogo mno, uzito wake kama gramu 60, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu walimtenga kuwa spishi yake mwenyewe miaka ya 1990, na amewahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii za nyani na komba 25 walio hatarini kuliko wote duniani. Anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, na sisi wa Lindi tunavyo kadhaa: Rondo wenyewe, Litipo, Chitoa. Mtwara mnacho kimoja, msitu wa Ziwani. Watafiti wanavuka bahari kumfuata, na mtoto wa Rutamba anamsikia akiwa kitandani.

Njia zipo. Zipo za ming'oko, za uyoga, za kukatisha kwenda ziwani. Lakini Litipo ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo anayeingia anaogopa kuonekana amekwenda kuchoma mkaa. Mwanamke mwenye jembe la ming'oko anaulizwa maswali, na anayekuja na pikipiki usiku kuchukua magogo huwa hayupo wa kumuuliza. Kama kungekuwa na njia moja iliyotangazwa rasmi kwamba hapa raia anapita kwa miguu mchana, bila panga, bila moto, naamini msitu ungekuwa na macho mengi ya kuulinda.

Liwale_Damu

Wakuu, nimesoma kwa heshima yote, ila nipeni nafasi niseme upande wa pili, maana huku Liwale maneno "kuishi karibu na pori" yana uzito mwingine.

Tumepakana na lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambayo sehemu yake kubwa mwaka 2019 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Nikitoka mlangoni simuulizi mtu pori liko wapi. Pori linakuja lenyewe. Tembo anaingia shamba la mahindi usiku mmoja na asubuhi familia haina chakula cha mwaka. Tunalala dunguni na tochi, madebe na pilipili ya kuchoma.

Mkitaka kujua umbali unavyopimwa kwetu, someni kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioharibiwa mazao au kudhuriwa na wanyama pori. Shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi halikupangiwa kitu. Kuanzia nusu kilomita hadi kilomita moja ilikuwa shilingi 25,000 kwa ekari. Kiwango kilipanda kadiri ulivyokuwa mbali, na ukivuka kilomita tano ndipo ulifikia 100,000 kwa ekari, tena mwisho ekari tano. Naelewa hoja ya serikali, kwamba watu wasisogelee mpaka. Lakini wapo ambao mababu zao walilima pale kabla mpaka haujachorwa. Mtu huyo aliishi karibu kuliko wote na alipangiwa kidogo kuliko wote.

Na simba. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005 ulihesabu watu 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa, na eneo la kusini mashariki ndilo lililoumia zaidi. Walieleza na sababu, ambayo sisi tunaijua kwa macho: wakati wa mavuno nguruwe pori wanaingia mashambani, watu wanalala mashambani kuwawinga, simba anamfuata nguruwe na anamkuta mtu kwenye kibanda cha nyasi. Waliokufa hawakuwa matembezini. Walikuwa wanalinda ugali wa watoto.

Kwa hiyo mnapochora njia za matembezi, msitusahau sisi tunaoishi mlangoni kwa pori.

Mkazi_wa_Mikindani

Kaka wa Liwale, pole sana, na ahsante kwa kuandika yote hayo. Ningependa kila anayechangia asome ulichoandika kwanza.

Sitaki mtu yeyote aende kutembea kwa starehe mahali ambapo jirani yake anakesha na tembo. Sehemu kama hiyo njia inayohitajika ni ya mtoto kwenda shule salama na ya mama kufika kisimani, na hiyo ni haki kabla ya matembezi yoyote. Kwenye ukingo wa Newala, vilima vya Mikindani au fukwe za Msimbati mambo ni tofauti, na tusiyachanganye. Ila swali linatuunganisha: nani anaamua juu ya hatua zile za kwanza kati ya nyumba na pori? Kwangu kaamua mwenye ukuta. Kwako imeamua kanuni iliyoandikwa mbali. Kwa dada wa Rutamba anaamua askari wa msitu, kutegemea siku hiyo kaamkaje. Ninachotaka ni kwamba anayeishi pale awe na sauti ya kwanza, na kama kuna fedha ya mgeni, iingie kijijini kwanza.

Kilwa_Mpingo

Hilo la sauti ya kwanza linawezekana kisheria. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe na kuusimamia. Huku Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia kwenye utaratibu huo na mwaka 2009 vikawa ndani ya cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Wanauza mpingo na miti mingine kwa mpango, mti unahesabiwa na kupigwa alama, na hela inaingia kijijini.

Ninachoona: msitu ukiwa wa kijiji, njia zake zinakuwa za kijiji. Kamati ya maliasili inazunguka doria kwa miguu, inajua kila kijito. Hao ndio waongozaji wa matembezi mnaowatafuta. Hawahitaji kusomea, wanahitaji kulipwa.

Oslo_NachingweaHome

Nipo Norway miaka mingi sasa, nyumbani ni Nachingwea. Nitasema ninachokiona huku, mjue tu namna wenzetu walivyopanga, nchi yao ina theluji na haina tembo.

Hapa Oslo unapanda treni ya mjini, namba moja, hadi kituo cha mwisho kinaitwa Frognerseteren. Ukishuka, msitu umeanza. Watu wanakwenda na watoto, na mzee wa miaka themanini unamkuta na fimbo yake. Kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu kwenye ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe, mradi asiharibu. Ukitaka kupiga hema, ukae angalau mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Kwa hiyo habari ya ukuta wa Mikindani wangeishangaa sana.

Jambo jingine ni rahisi kabisa. Njia zimepakwa alama kwenye miti na mawe: bluu kwa wanaotembea kiangazi, nyekundu kwa wanaoteleza kwenye theluji. Wanaopaka wengi ni wanachama wa kujitolea, kopo la rangi na brashi basi. Njomba wa Newala, hiyo njia ya bibi yako inaweza kuokolewa kwa kopo moja na Jumamosi chache, wazee wakiwa bado wapo wa kuonyesha.

Njomba_wa_Newala

Hili la rangi nimelichukua. Nina mzee mmoja jirani, mama yake alikuwa akishuka kila siku. Nitakwenda naye.

Masasi_Kokoto

Nimerudi. Masasi ni ajabu yake. Vilima vya mawe vimesimama katikati ya uwanda tambarare na mji umejibana kati yao. Mkomaindo, Mtandi na vingine. Huna haja ya nauli. Ukitoka sokoni unatembea hadi mwamba unapoanza, unapanda kwa miguu mitupu kama ni mwenyeji, na juu unakuta pimbi wameota jua. Pale Mtandi wamisionari wa Kianglikana walianza makazi mwaka 1876 wakiwa na watu waliokombolewa utumwani, na kanisa lipo mpaka leo chini ya kilima.

Tatizo letu ni kokoto. Vijana wanaponda mawe chini ya vilima kwa nyundo na moto, siwalaumu, ndiyo mkate wao. Ila mahali tulipokuwa tunaanzia kupanda utotoni sasa ni shimo. Kama mji ungetenga vilima viwili tu visiguswe, na machimbo yakapelekwa pembeni, watoto wetu wangekuwa na pa kupanda.

Mwalimu_Lindi

Nafundisha historia Lindi mjini. Naomba niweke mezani njia moja ambayo naiwaza kila nikifundisha somo la ukoloni: njia ya wapagazi wa Tendaguru.

Mnafahamu kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alionyeshwa mifupa mikubwa iliyotoka ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa, msimu mwingine zaidi ya watu mia tano kazini, karibu wote wenyeji wa Kusini. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuchimba mfupa bila kuuvunja. Mifupa ile ni ya dinosaria walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Mmoja amesimamishwa Berlin tangu 1937, urefu wake zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watu duniani kote wanamjua.

Sasa jiulizeni ilifikaje bandarini. Barabara haikuwepo na wanyama wa kubebea mizigo walikufa kwa mbung'o. Zaidi ya tani 200 za mifupa na udongo zilibebwa na watu, vichwani na mabegani, siku tatu hadi nne kwa kila safari hadi Lindi, kisha zikapakiwa melini. Njia ile ilipita kwenye vijiji ambavyo vingi bado vipo. Wajukuu wa wapagazi wapo.

Nchi nyingi zingekuwa zimeshaitengeneza njia hiyo, ina vituo vya kulala kijijini, mabango ya majina na historia, na mama wa kijiji anauza chakula. Mtu wa Lindi angeitembea akajua babu yake alibeba nini. Kwangu mimi hii ni deni kwa watu wale. Wanafunzi wangu wanaijua picha ya mifupa ya Berlin kutoka mtandaoni na hawajui Tendaguru iko upande gani wa mji wao.

BintiRutamba

Shikamoo mwalimu. Nimesoma hii mara mbili. Babu alikuwa akisimulia habari za watu waliobeba "mawe ya Wajerumani" na mimi nikidhani ni mawe ya kujengea boma.

Mwalimu_Lindi

Marahaba binti. Kama babu yupo, mrekodi kwa simu wiki hii. Usisubiri likizo.

Msimbati_Bamvua

Sisi wa Msimbati hatuishi karibu na hifadhi, tumo ndani yake. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, na vijiji vyetu vikawa ndani ya mpaka. Mwanzoni watu walikataa kwa nguvu kwa sababu ya masharti ya nyavu. Sasa kasa wanataga na matumbawe yapo, lakini wavuvi wadogo bado wana malalamiko yao na wanastahili kusikilizwa.

Kwa mtembeaji: kutoka Msimbati hadi Ruvula unafuata mchanga, bahari mkono mmoja, minazi mkono mwingine. Ulizia maji kwa wavuvi kwanza. Siku za bamvua maji yakijaa yanakula ufukwe wote na utakwama. Nenda maji yakianza kupwa.

Chuno_Fundi

Mtwara mjini tunavuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, hapo ni karibu kuliko kote. Swali langu ni moja, hizi njia zinaingiaje kwenye ramani ya simu? Nikifungua naona barabara kuu na nafasi tupu.

Oslo_NachingweaHome

Fundi, kuna ramani huria ya OpenStreetMap, mtu yeyote anaongeza njia. Unatembea ukiwa umewasha GPS ya simu, ukirudi unapakia mstari wako na kuandika jina. Nafasi tupu unayoiona ni kwamba hakuna aliyepita na simu. Ila kwa Liwale na kwenye vichaka vya komba muulizeni mwenye kijiji kwanza, majangili nao wanasoma ramani.

Liwale_Damu

Ahsante kwa hiyo sentensi ya mwisho.

Mkazi_wa_Mikindani

Wakuu, tuanze na Newala kwa kuwa njomba ameshapata mzee wa kutuongoza. Napendekeza Jumapili ya kwanza ya Julai: mvua imekwisha, kazi ya korosho haijapamba moto. Tunatoka Mtwara Jumamosi mchana, tunalala Newala. Tutajitambulisha kwa mtendaji, mzee atalipwa kwa siku yake, na chakula tutanunua kwa akina mama wa pale pale. Vaeni suruali ndefu na mikono mirefu, upupu utakuwa umekauka na ukipigwa na upepo hautanii. Maji kila mtu lita tatu. Fundi, njoo na simu yenye chaji.

Chuno_Fundi

Nakuja, na betri ya akiba.

Mwalimu_Lindi

Nitaleta wanafunzi wanne wa kidato cha tatu, wazazi wakiridhia.

Njomba_wa_Newala

Nimeongea na mzee, amekubali kwa sharti moja: tushuke kwa njia ya kisima cha mama yake, tusishuke kwa ile fupi. Tukutane ukingoni saa 12 asubuhi. Rangi nimenunua, bluu.

Tandahimba_Mabibo

Nipo njiani hapa Tandahimba, mtanipitia?

Mkazi_wa_Mikindani

Tutakupitia dada. Kaa stendi kuanzia saa tisa alasiri, na kama una panga la kufyekea, beba.